Bega la Mtoto na Kitako cha Bunduki: Mafunzo ya Silaha katika Jinja na Mbale

Nalufenya ni mtaa wa Jinja ulio kando ya barabara itokayo Kampala, karibu na mahali Mto Nile unapoliacha Ziwa Viktoria, na kwa raia wengi wa Uganda jina lake limefungamana na mambo mawili yasiyofanana hata kidogo: wodi ya watoto ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Jinja, na kituo cha polisi kilichogeuzwa mahabusu ya kikosi maalumu hadi kilipofungwa mwaka 2018, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu mateso. Mji wenyewe umekuwa mji wa kambi za askari kwa vizazi kadhaa, na mashariki yake, kwenye njia iendayo Mbale, zimepita silaha nyingi zilizoingia katika sehemu hiyo ya nchi. Kwa sababu hiyo eneo hili linafaa kuchunguzwa na yeyote anayetaka kuelewa namna watoto wa Afrika Mashariki walivyokutana na bunduki, nani aliyewafundisha kuishika, na alichowafundisha. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kwa muda mrefu kilichomzuia mtoto asiwe mpiga bunduki hakikuwa sheria wala malezi, bali bunduki yenyewe kwa urefu wake, msukumo wake na ugumu wa kuijaza, na kwamba mafundi wa karne ya 20 walipokipunguza kizuizi hicho, mafunzo yaliyokuwepo, yaliyotungwa kambini kwa ajili ya watu wazima, hayakuwa na lolote la kukijazia nafasi.

Msukumo huo unahitaji maelezo. Baruti inapowaka ndani ya mtutu, gesi inayotokea huisukuma risasi mbele na wakati uo huo huisukuma bunduki nyuma, ambapo bunduki nzito hurudi kwa kasi ndogo kuliko nyepesi, na risasi nzito iendayo kasi hurudisha bunduki kwa nguvu kuliko risasi nyepesi. Mkufunzi wa shabaha humfundisha kuruta akite kitako, yaani sehemu ya nyuma ya bunduki, katika bonde lililo kati ya mfupa wa mtulinga na kiungo cha bega, aulaze uso kwenye ubao, atangulize mguu mmoja na kuegemea mbele kidogo, kisha avute mtambo polepole bila kuubana kwa ghafla. Kitako kikiachwa mbali na bega hata kwa upana wa vidole viwili, bunduki hupata nafasi ya kuchukua kasi kabla ya kumfikia mtu, na pigo lake huumiza. Na aliyeumizwa mara moja hujifunza kushtuka kabla ya mlio, hivyo risasi zake zinazofuata huenda chini au pembeni, pengine kwa mtu asiyekusudiwa. Mtoto ana shida ya ziada, kwa kuwa mkono wake mfupi haufiki kwenye mtambo ikiwa kitako kimekaa begani sawasawa, kwa hiyo hukisogeza kwapani, na mtutu mzito huinama mbele yake kabla hajamaliza kulenga. Mambo haya hayakuhitaji kitabu ili yajulikane. Kila aliyempa mtoto bunduki ndefu aliyaona kwa macho.

Maandishi ya mapema yanayomwonyesha mtoto akiwa na bunduki katika nchi hizi yametoka kwa John Hanning Speke, msafiri Mwingereza aliyefika kwenye maporomoko ya Jinja tarehe 28 Julai 1862, akitokea katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Buganda. Miongoni mwa zawadi alizompa Kabaka zilikuwemo bunduki ya Whitworth, bastola na karabini tatu, yaani bunduki fupi za wapanda farasi, pamoja na risasi na fataki zake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, Speke anasimulia kwamba Mutesa alijaza karabini moja, akaikoki, akamkabidhi mtumishi mdogo wa ikulu na kumwamuru atoke nje ampige mtu uani. Mtoto akaenda, akafyatua, akarudi akichekelea, na swali aliloulizwa lilikuwa kama ameifanya kazi vizuri. Hakuna aliyetaka kujua aliyeuawa ni nani. Speke, ambaye ndiye aliyezileta silaha hizo na kumzoeza mfalme kuzitumia, anaieleza habari hiyo kama mtazamaji asiyehusika, na msomaji wa leo ana haki ya kutokubaliana naye. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba silaha iliyotolewa kwa mtoto ilikuwa bunduki fupi, tena ilikuwa imekwisha kujazwa na kukokiwa na mkono wa mtu mzima, hivyo kazi yote inayohitaji ujuzi na nguvu ilikuwa imefanyika kabla hajaishika.

Mgawanyo huo wa kazi, mtoto akiwa mbebaji na mtu mzima akiwa mpigaji, ndio uliokuwa desturi katika misafara ya Waswahili, Waarabu na Wazungu iliyotoka pwani. Henry Morton Stanley, katika safari ya mwaka 1871 ya kumtafuta David Livingstone, alikuwa na wavulana waliombebea bunduki, akiwemo Kalulu, aliyekabidhiwa kwake Tabora na kufa maji katika Mto Kongo mwaka 1877, na Majwara, mzaliwa wa Buganda, ambaye baadaye alikuwa karibu na Livingstone usiku alipofariki mwaka 1873. Kijana wa namna hii alijifunza kutembea nyuma ya bwana wake bila kumwelekezea mtutu, kuilinda baruti na unyevu, na kuikabidhi bunduki ya pili upesi ya kwanza inapokwisha. Hayo yalikuwa mafunzo ya kweli ya usalama, ingawa hayakuitwa hivyo, na yalitolewa kwa kufokewa na kupigwa zaidi kuliko kwa kuelezwa. Lengo lake, hata hivyo, lilikuwa uhai wa bwana. Usalama wa mtoto ulitokea njiani tu, pale ulipotokea.

Silaha iliyoenea zaidi miongoni mwa watu wa kawaida ilikuwa gobori, bunduki inayojazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha kizibo cha kitambaa au nyuzi, kisha risasi ya duara au kipande chochote cha chuma, vyote vikishindiliwa kwa ufito uitwao mdeki. Kiasi cha baruti kiliamuliwa na mkono wa mjazaji, na kwa kuwa mlio mkubwa ulihesabiwa kuwa dalili ya silaha bora, wengi walizidisha, wakapata pigo lisilovumilika begani, na ndiyo sababu walizoea kuishikia bunduki kiunoni au kuinyoosha mbali na uso, ambapo haiwezi kulengwa. Mitutu ya bei nafuu iliyouzwa pwani ilipasuka mara kwa mara, ikakata vidole na kupofusha macho. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao mataifa ya Ulaya yaliuweka ili kuzuia silaha na biashara ya watumwa katika Afrika ya kati, ulikataza bunduki za kisasa lakini uliacha mlango kwa gumegume, yaani magobori yawashwayo kwa jiwe, kana kwamba silaha dhaifu kwa adui wa mkoloni haikuwa hatari kwa mwenye kuishika.

Nidhamu ya kambi iliingia mashariki mwa Uganda pamoja na askari wa Kisudani. Mwaka 1891 Frederick Lugard, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aliwachukua kutoka magharibi ya nchi wanajeshi walioachwa na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri huko Sudani, wapatao 600, na msafara wao mzima, ukijumlisha wake, watoto na watumwa, ulizidi watu 8,000. Watoto wa kundi hilo, ambao wazao wao leo hujulikana kuwa Wanubi, walikulia katika laini, yaani safu za nyumba za askari ndani ya ngome, wakaona kila asubuhi bunduki zikikaguliwa na kuhesabiwa kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kutawanyika. Mwaka 1897 sehemu ya askari hao waliasi kwa sababu ya ujira mdogo na safari zisizokwisha, wakaiteka ngome ya Luba huko Busoga, mashariki ya Jinja, wakawaua maofisa wao akiwemo Meja Thruston, na kuzingirwa hadi Januari 1898. Humo ngomeni walikuwa na jamaa zao.

Uasi ulipokwisha, serikali ilianza kuihesabu bunduki kama inavyohesabiwa nyumba. Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa mwaka kwa kila mwenye bunduki, sawa na kodi ya nyumba, ukampa Kabaka leseni 50 bila malipo kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake, na machifu wengine leseni chache zaidi. Mkataba huo ulimtaja mwenye bunduki bila kutaja umri wake, kwa kuwa watunzi wake hawakufikiri kwamba mtoto angeweza kuwa swali. Upande wa Mbale, Semei Kakungulu, mwindaji wa tembo aliyegeuka jemadari, alikuwa akiwaongoza wafuasi wake Baganda wenye bunduki katika nchi ya Bukedi, akijenga ngome hadi akaanzisha mji wa Mbale mwanzoni mwa karne ya 20. Wenyeji aliowakuta walikuwa na mikuki na ngao, na bunduki kwao ikawa kwanza chombo cha mgeni.

Inafaa kutua hapa kidogo kuhusu Wagisu wa Mbale, ambao malezi yao ya kiume yanajulikana kote Afrika Mashariki kwa imbalu, tohara ya vijana inayofunguliwa kwenye uwanja wa Mutoto kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kijana husimama wima hadharani bila kupepesa jicho wakati kisu kinapofanya kazi, na mgeni anaweza kudhani kwamba mtu aliyefundwa asishtuke kwa kisu hatashtuka kwa mlio wa bunduki. Dhana hiyo haina msingi, kwa sababu imbalu humfunza kijana kustahimili tendo moja analolitarajia, ambalo huja mara moja maishani mbele ya jamaa zake, ilhali mshtuko wa bunduki ni wa misuli, huja bila ruhusa ya moyo, na huondolewa kwa mazoezi ya kurudiarudia tu. Tena imbalu ina jambo ambalo mafunzo ya bunduki kwa watoto hayakupata kuwa nalo katika eneo hili, nalo ni jamii nzima inayoamua ni lini kijana amefika.

Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902 na ambalo kikosi chake cha 4 kilikuwa cha Uganda na baadaye kikawa na kambi Jinja, ndilo lililotunga mafunzo ambayo yamebaki hadi leo. Yalitolewa kwa Kiswahili cha kambini, yakaanza na kwata, yaani mazoezi ya kutembea na kushika silaha kwa amri, yakaendelea na kuifungua, kuisafisha na kuifunga bunduki, kisha kulenga bila risasi, na mwisho uwanja wa shabaha, ambako kuruta alilala kifudifudi ili ardhi imsaidie kubeba uzito. Mambo manne yalikaziwa: kila bunduki ihesabiwe kuwa imejazwa hadi ithibitishwe kuwa tupu, mtutu usielekezwe kwa usiyetaka kumpiga, kidole kikae nje ya mtambo hadi amri itolewe, na mtu asiondoke uwanjani kabla chemba ya bunduki yake haijakaguliwa na risasi zote hazijahesabiwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotegemea umri. Yote, hata hivyo, hutegemea mamlaka iliyosimama karibu, na Jinja yenyewe ilionyesha tarehe 23 Januari 1964 nini hutokea mamlaka hiyo inapotetereka, pale askari wa Uganda Rifles, mrithi wa kikosi hicho, walipogoma wakidai mishahara na maofisa wa Kiafrika, wakamzuia Waziri Felix Onama kambini, hadi majeshi ya Uingereza yalipoitwa.

Wakati huo huo silaha zenyewe zilikuwa zikibadilika, na mabadiliko hayo yana uzito kuliko yote yaliyotajwa. Martini-Henry, bunduki ya Waingereza ya miaka ya 1870 iliyoendelea kutumiwa na askari wa kikoloni hadi mwisho wa karne, ilirusha risasi ya gramu 31 na ilijulikana kwa kuwachubua mabega hata watu wazima. Lee-Enfield iliyofuata ilirusha risasi ya gramu 11 hivi, kwa kasi kubwa zaidi, na bado ilihitaji bega imara. Bunduki ya Kirusi aina ya AK, iliyobuniwa na Mikhail Kalashnikov mwishoni mwa miaka ya 1940, hurusha risasi ya gramu 8 hivi kwa kasi isiyozidi ya Lee-Enfield, na sehemu ya gesi yake hutumika kuiendesha mitambo ya ndani, hivyo msukumo unaofika begani ni mdogo sana kuliko wa Martini-Henry. Tena ni fupi, ina vipande vichache, na husamehe uchafu. Mambo yote matatu yaliyokuwa yakimzuia mtoto wa miaka 10, yaani urefu, pigo na ugumu wa kuijaza, yalipunguzwa kwa pamoja, na waliofanya hivyo walikuwa wakimfikiria askari wa miguu wa nchi yao, wala si mvulana wa Busoga.

Silaha hizi zilimwagika mashariki mwa Uganda mwaka 1979. Majeshi ya Tanzania yaliiteka Jinja mwezi Aprili pamoja na bwawa la Owen Falls, yakaendelea hadi Mbale, na huko kaskazini ghala la silaha la kambi ya Moroto likaachwa wazi, wafugaji wa Karamoja wakachukua maelfu ya bunduki. Mvulana mchungaji aliyekuwa akilinda ng'ombe kwa fimbo na mkuki akawa analinda kwa bunduki, akifundishwa na kaka yake malishoni, na wizi wa mifugo uliokuwa ukiwafikia majirani wa Sebei na milima ya Bugisu ukawa wa mauaji. Serikali ilianza kuzikusanya silaha hizo mwishoni mwa mwaka 2001, kisha kwa nguvu zaidi kuanzia 2006.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha kadogo, jina walilopewa watoto katika NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni, lililoanza vita kwa kuishambulia shule ya kijeshi ya Kabamba tarehe 6 Februari 1981 likiwa na bunduki 27. Wengi wao walikuwa yatima wa Luweero, eneo la vita hivyo, au watoto waliopotezana na wazazi, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba jeshi lilipoiteka Kampala tarehe 26 Januari 1986, na punde kuingia Jinja na Mbale, lilikuwa na watoto wapatao 3,000 walio chini ya miaka 16, wakiwemo wasichana wapatao 500. Kwa kuwa bunduki zilikuwa chache kuliko watu, makuruta walifanya kwata kwa vijiti, wakajifunza kubeba, kulala na kunyanyuka navyo kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa silaha halisi, na kwa upande wa usalama uhaba huo ulikuwa neema, maana mazoea ya mkono yalitangulia risasi. Waliopata bunduki walipewa aghalabu kazi ya ulinzi wa maofisa, ambako utii wao ulithaminiwa kuliko shabaha yao.

Uongozi wa NRA ulijitetea hadharani kwa hoja kwamba jeshi lilikuwa kimbilio la watoto wasio na pengine pa kwenda, na kwamba katika mila za Kiafrika mvulana huanza mapema kujifunza kupigana. Sehemu ya kwanza ya utetezi huo ina ukweli usioweza kupuuzwa, kwani mtoto aliyebaki kijijini Luweero hakuwa salama kuliko aliyekuwa kambini. Sehemu ya pili haisimami. Fimbo, upinde na mkuki humpa mtoto nguvu inayolingana na mwili wake, mkuki wake ukienda umbali ambao mkono wake unaweza kuutupa, na wazee huiona hatari yake ikikua pamoja naye mwaka hadi mwaka. Bunduki ya AK humpa mtoto nguvu ileile ya mtu mzima siku ya kwanza, hivyo kuifananisha na mkuki wa mchungaji ni kusahau kile kilichoufanya mkuki ufae katika malezi.

Mafunzo ya namna nyingine kabisa yalionekana Busoga mwaka 1987, wakati Alice Auma, aliyejulikana kwa jina la Lakwena, alipowaongoza wafuasi wake kutoka Acholi hadi karibu na Jinja na kushindwa na NRA. Jeshi lake lilikuwa na kanuni 20 za usalama, na kanuni hizo zilihusu usafi wa nafsi na mwenendo, zikimkataza mpiganaji hata kujificha nyuma ya kichuguu. Vijana walijipaka mafuta wakaamini kwamba risasi haziwadhuru. Wengi walifia njiani.

Serikali mpya ya Museveni ilifanya jambo jingine lisilo la kawaida, yaani kuwafundisha raia. Mchakamchaka, mafunzo ya siasa na ya kijeshi yaliyopewa jina la mbio za nyimbo za askari, yalitolewa kwa watumishi wa umma na kwa wanafunzi waliomaliza sekondari, hasa katika chuo cha Kyankwanzi, na sehemu yake mojawapo ilikuwa kuifungua na kuifunga bunduki. Yalifanana na yale ya Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1963, ambalo wahitimu wa kidato cha sita walipitia kwata na kulenga shabaha, na ufanano huo haushangazi kwa kuwa Museveni alisomea Dar es Salaam. Wapinzani wa mpango huo waliuona kuwa njia ya kuwaandalia watawala wafuasi, na hawakukosea sana. Lakini kwa upande wa ufundi ulikuwa mmoja wa mipango michache katika historia ya Uganda iliyomweka kijana raia mbele ya bunduki tupu, mchana, chini ya mkufunzi, bila vita.

Sheria ilikuja mwisho. Uganda iliridhia mwaka 1994 Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ikajiunga mwaka 2002 na itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu watoto katika vita, na Sheria ya UPDF, jeshi la sasa la Uganda, ya mwaka 2005 ikaweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuandikishwa jeshini. Kizuizi ambacho msukumo wa Martini-Henry ulikuwa ukikiweka bila kuandikwa popote sasa kimeandikwa, miaka 143 baada ya mtumishi mdogo wa Mutesa kukabidhiwa karabini.

Kinachokosekana ni ushuhuda wa waliofundishwa. Habari za kadogo zimeandikwa zaidi na mashirika ya haki za binadamu, ambayo yaliuliza walivyoteseka, pamoja na wanasiasa, ambao walieleza walivyosaidia ushindi. Ni wachache waliowauliza walionyeshwaje kushika bunduki, nani aliwasahihisha, na ni wangapi waliumia kwa silaha zao wenyewe. Waliokuwa na miaka 10 mwaka 1985 sasa wamefika umri wa miaka 50, na baadhi yao wanaishi Jinja na Mbale wakifanya kazi za kawaida. Idara za historia za vyuo vikuu vya Uganda ziwaendee sasa zikiwa na vinasa sauti, ziwahoji kwa Kiswahili, lugha waliyopewa amri zao, na zihifadhi maelezo yao kabla hawajaondoka.